Nilivyoteremsha Baridi ya Sumbawanga Hadi Mtowisa

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya picha niliunguza mkanda mzima. Nalisema mapema ili kijana asije akadhani nilizaliwa najua, ingawa hapa mtaani Chanji wapo wanaoapa kwamba nilizaliwa najua, na mimi huwa siwabishii sana.

Wakati huo nilikuwa mhudumu katika ofisi moja mjini Sumbawanga. Nilifagia, nilichemsha chai, nilihamisha mafaili kutoka meza hii kwenda meza ile. Shule niliishia darasa la tano, kwa sababu kijijini kwetu shamba la ulezi lilinihitaji kuliko hesabu. Lakini nilikuwa na kamera. Niliipata Kasesya, mpakani, nilipokuwa nabeba mizigo ya malori kabla sijaajiriwa. Nilibadilishana baiskeli yangu na dereva mmoja aliyekuwa anavuka kwenda Zambia. Wenzangu walinicheka. Baiskeli inakupeleka shamba, hicho kidude kitakupeleka wapi? Nikawaambia wasubiri.

Jumamosi moja nikaingia kwenye studio ya picha iliyokuwa Chanji. Mwenye studio alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, mkimya, kalamu mbili mfukoni muda wote. Jina lake alikuwa nalo, ila sote tulimwita Bosi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba nimepiga picha kumi na mbili na nimeshahakikisha zimeingia.

"Umehakikishaje?"

"Nimefungua kamera nyuma, nikachungulia."

"Wapi?"

"Hapo sokoni."

"Juani?"

"Ndiyo, Bosi. Ili nione vizuri."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mtu akishakucheka kiasi kile hawezi tena kukufukuza. Akanieleza kwamba mkanda ndani ya kamera unakaa gizani ukisubiri mwanga kidogo tu, ule wa kufumba na kufumbua. Ukiupa jua la sokoni unalimeza lote, unaungua, hakibaki kitu. Kisha akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikasema nafagia.

"Vizuri. Jumamosi njoo ufagie hapa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Jumatatu hadi Ijumaa nilikuwa chini ya Karani Mkuu, mama mmoja mkali aliyejua kijiko gani cha chai kimepotea. Jumamosi na Jumapili nilikuwa chini ya Bosi. Mwezi wa kwanza nilifagia. Mwezi wa pili nikaanza kuwavisha wateja koti la studio. Koti lilikuwa moja na wateja wa kila umbo, kwa hiyo mgongoni tulilibana kwa vibanio vya nguo. Pazia letu lilichorwa maporomoko ya maji, na mtu wa kutoka kijijini alipenda kusimama mbele yake kana kwamba alikwenda huko kutembea. Na kamwe usimkate mtu miguu. Nilijaribu mara moja kumpiga mzee mmoja kuanzia kiunoni, nikiona ndiyo kisasa. Aliporudi kuchukua picha aliigeuza nyuma, akaitazama, akaniuliza, "Na viatu vyangu umevipeleka wapi?" Nilimpiga upya bila malipo, viatu vikiwa mbele.

Sijisifu, lakini nilishika haraka. Flashi nilijua kuifunika kwa kitambaa cheupe ili isimchome mtu usoni. Mikanda tuliituma Mbeya kwa basi kwenda kusafishwa, nami nilishajua, kabla haijarudi, picha ipi imetoka na ipi haikutoka. Mwaka wa tatu wateja walianza kuuliza, "Yule kijana wa ofisini yupo?" Bosi alisikia, akaendelea na kazi yake. Mimi nilisikia, nikavimba kichwa.

Ndipo ikaja kazi ya Mtowisa.

Kule bondeni, karibu na Ziwa Rukwa, walikuwepo Mzee Gaspari na mkewe, Bibi Felista. Walikuwa Wafipa wa huku juu walioteremka zamani kulima mpunga. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi, wamezaa, wamepata wajukuu, ila ndoa ya kanisani hawakuwa nayo, na kwa hiyo hawakupokea komunyo. Binti yao mkubwa alikuwa sista, katika nyumba ya watawa iliyo mbali sana na Rukwa. Kwa miaka yote hiyo aliwaombea wazazi wake wafunge ndoa. Sasa walikubali, na yeye hakuweza kupata ruhusa ya kuja. Alituma ujumbe mmoja tu kwa padre: apelekewe picha ya baba akimvika mama pete. Ndoa nyingine mpiga picha akikosa tukio hili anajitetea kwa lile. Hii ilikuwa na picha moja iliyosubiriwa, na yule mtawa alikuwa anaisubiri magotini.

Bosi alikuwa na harusi mjini, akanituma mimi. Akanipa kamera yake mwenyewe, si ile yangu ya baiskeli. Akaniambia, "Ukifika, jambo la kwanza toa kamera kwenye sanduku. Iache nje nusu saa ipumue."

Nikasema ndiyo. Moyoni nikasema, kamera ina mapafu?

Tuliondoka alfajiri kwa pikapu ya parokia. Mnajua baridi ya Sumbawanga ya saa ile. Kamera ilikuwa imelala usiku kucha kwenye sanduku la bati, na mimi, kwa akili yangu, nilikuwa nimelizungushia sanduku blanketi zito ili vumbi na joto la bondeni visiiguse. Nilijiona nimemzidi Bosi. Tulipoteremka ukuta wa bonde nilivua koti, kisha sweta, kisha nikafungua vifungo vya shati. Mvua zilikuwa bado hazijakatika, mpunga ulikuwa umesimama majini, hewa nzito kama ya jikoni. Pikapu ikanasa kwenye tope, tukasukuma. Tulipofika kanisani padre alikuwa anamalizia mahubiri.

Nikafungua sanduku hapo hapo, nikashika kamera. Ilikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni, na mimi nikafurahi. Sasa, kamera zile zilikuwa na macho mawili. Unachungulia kwenye kidirisha cha juu, lakini picha inaingia kwa lenzi iliyo chini yake, na wewe unayechungulia huoni lenzi inaona nini. Nilipoweka jicho, kidirisha kilikuwa na ukungu. Nikadhani ni jasho langu. Nikakifuta kwa kidole gumba, kikawa safi, nikawaona Mzee Gaspari na Bibi Felista wanang'aa. Lenzi sikuigusa. Nikapiga pete ya bibi, nikapiga pete ya mzee, nikapiga waliposimama mbele ya altare. Bibi alikuwa na gauni jeupe la kuazima, mzee suti nyeusi. Watu walikuwa wananipisha njia kama mkubwa fulani.

Mkanda uliporudi kutoka Mbeya, Bosi alipanga picha mezani moja moja. Za karamu, zilizopigwa baadaye, zilikuwa safi kabisa, mpaka nzi kwenye wali unamwona. Za altare zilikuwa ukungu mtupu. Unaona weupe wa gauni, weusi wa suti, na kati yao kitu kama mikono.

"Uliiacha ipumue?" Bosi akauliza.

Nikatikisa kichwa. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto, kwamba kitu cha baridi kikiingia kwenye hewa ya joto yenye unyevu hutoka jasho, kama chupa ya soda. Kamera nayo. Lenzi ilikuwa imelowa, na ilikauka baada ya misa. Blanketi langu ndilo lililoitunza baridi ya Sumbawanga mpaka Mtowisa.

"Utawaambia nini wale wazee?"

"Nitasema mkanda umeungulia Mbeya."

Bosi akakusanya picha, akazitia kwenye bahasha, akanikabidhi. "Sema hivyo. Ila ukishasema, usirudi hapa."

Niliomba ruhusa kwa Karani Mkuu, nikateremka tena. Njiani nilikuwa na maneno aina mbili mdomoni, na hadi naingia kwenye ua wa Mzee Gaspari sikuwa nimechagua. Waliponiona walinikimbilia. Bibi Felista alikuwa anapepeta mchele. Padre naye alikuwepo, amekuja kusikia habari za picha ili amwandikie sista.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leta, leta! Nimeota nimetoka mbaya."

Nikampa bibi bahasha. Akapitisha za karamu akicheka, kisha akafika kwenye za altare. Akazisogeza mbali, akazisogeza karibu.

"Huu moshi ni wa nini? Kwani tulioana jikoni?"

Padre akacheka, mzee hakucheka. Basi maneno yakachaguka yenyewe. Nikasema, "Bibi, nimeharibu mimi. Bosi wangu alinipa maelekezo, nikajifanya najua." Nikaeleza habari ya sanduku, blanketi na kidole gumba, yote, nikiwa nimepiga magoti kwenye pumba za mchele.

Mzee Gaspari akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa binti yangu ataona nini?"

Nikamgeukia padre, nikamwomba tuingie kanisani, warudie dakika moja tu. Padre akatikisa kichwa. "Hapana, kijana. Ndoa imeshafungwa. Siwezi kuifunga mara ya pili kwa ajili ya kamera yako."

Bibi Felista akauchukua tena ungo wake. Akamgeukia padre.

"Padre, nisaidie mimi mjinga. Huyu ni mume wangu au si mume wangu?"

"Ni mume wako."

"Na hii pete ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi mume wangu akinivika pete yangu, kwangu, uani kwangu, nimemkosea nani?"

Padre akafikiri. Akavuta kigoda, akakaa. "Hapo hujamkosea mtu, mama. Hapo hata mimi nitatazama."

Mimi kamera nilikuwa nimeitoa mapema, inaning'inia shingoni tangu nilipofika bondeni, ya moto kama kikombe cha chai. Nikamwambia bibi avae basi kitu cheupe. Gauni lilikuwa limesharudi kwa mwenyewe. Nikasema walau tufute pumba. Akanitazama. "Binti yangu ananijua hivi. Piga hivi hivi, na miguu itokee."

Mzee akasimama. Aliivua pete kidoleni mwa bibi, akaishika tayari kumvika tena. Hakuna aliyemwambia aseme kitu, lakini alisema, kwa Kifipa, maneno machache yaliyokuwa ya mkewe peke yake. Bibi akainamisha uso kama msichana. Nikapiga. Picha ile ndiyo picha bora kupita zote nilizopiga, na nimepiga nyingi kuliko mpiga picha yeyote wa Ufipa ninayemjua.

Sista aliandika kwa padre baada ya kuipata. Alishukuru. Kisha akaomba, kama ipo, apelekewe na ile ya ukungu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyopigwa saa yenyewe. Niliisafishisha kubwa, kwa gharama yangu, nikaituma.

Bosi aliposikia yote aliniwekea ufunguo wa studio mezani na kwenda kunywa chai. Tangu siku ile wikendi zilikuwa zangu. Nikapiga vipaimara, mahafali, pasipoti saizi za wanaovuka Kasesya, wafugaji wa bondeni waliotaka kusimama na dume lao bora. Nikahama kutoka mkanda kwenda kamera za kadi, nikajifunza kompyuta kwa kuuliza watoto wa watu bila aibu. Nyumba niliyojenga Chanji ni ya picha, si ya mshahara wa chai. Mwaka jana niliaga ofisini kwa hiari yangu, na Karani Mkuu aliyepo sasa alisema kwenye hafla kwamba nimeacha pengo. Picha za hafla hiyo zilipigwa na mtu mwingine, na kwa kweli hazikuwa mbaya, ila alimkata miguu mkurugenzi.

Nawashukuru walionifundisha. Bosi alirudi kwao Mbeya na huko akapumzika. Mzee Gaspari naye ametangulia. Bibi Felista yupo, mzee sana, na miezi michache iliyopita mjukuu wake aliolewa Mtowisa. Nilialikwa kama mgeni, sikubeba hata sanduku. Simu zilikuwa zimemzunguka bibi pande zote, kila kijana anamwambia tazama hapa bibi, tabasamu bibi. Akafumba macho, akakataa.

"Yule aliyetuharibia picha yupo wapi?"

Wakatazamana. Nikainua mkono kutoka nyuma kabisa.

"Mwiteni huyo," akasema. "Huyo akiniharibia, atarudi kuniambia."

Nikaazima simu ya mmoja wao. Niliifuta lenzi kwa ncha ya shati, nikarudi nyuma hatua tatu mpaka miguu yake ikaingia, nikasubiri afungue macho.