Ziara ya Saa Nne kwenda Chan Muul

Mwezi wa Mei, sisi wa nchi hii ya mawe meupe hatushindani na jua, tunalikwepa. Ndiyo maana moyo wa Nicolasa Canché, kiongozi wa wageni, ulipiga vibaya alipomsikia mzee mmoja mgeni akisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "Tunataka ile ya saa nne."

Meza ya Nicolasa ilikuwa barazani pa soko, na kibao chake kilikuwa na ziara mbili za kwenda kwenye magofu ya Chan Muul. Ya kwanza huondoka saa kumi na mbili asubuhi, watu wakapanda hekalu kubwa na kurudi kabla jua halijakolea. Ya pili huondoka saa nne, na ndani yake kuna chakula cha mchana na kuogelea katika senote, lile shimo la maji lililo chini ya mwamba. Januari hiyo ya pili haina neno. Mei, Nicolasa alikuwa akiomba isipate mteja.

"Don Evaristo," alisema, maana mzee alikwisha kujitambulisha: Evaristo Garza wa Monterrey, dereva wa mabasi mstaafu, miaka sabini na mmoja. "Jana joto lilifika digrii arobaini na mbili. Chukueni ya alfajiri."

"Si nilikuambia?" alidakia mkewe, Otilia. "Haya, sikia mwenyeji anavyosema."

"Otilia, miaka arobaini nimeamka saa tisa usiku kwenda kuwasha basi. Leo nimestaafu, niamke tena kwa ajili ya mawe? Yamekaa miaka elfu, yatashindwa kungoja ninywe kahawa?" Akamgeukia Nicolasa huku akicheka. "Na joto, mama, kwetu Monterrey linachoma mbuzi bila kuni. Au umechoka wewe? Kama ni uzee, sema, tutafutiwe kijana."

Hapo ndipo Nicolasa alipokosea, na mwenyewe hajawahi kusema vingine. Kiongozi wa wageni ana haki ya kukataa. Lakini neno lile la uzee lilimwingia kama mwiba. Yeye ndiye binti aliyekuwa akiwapelekea maji kwa kibuyu wanaume waliofyeka msitu juu ya magofu yale, baba yake akiwa mmoja wao, na akayashika majina ya majengo yote kabla hajajua kuandika la kwake. Alisoma hadi darasa la sita tu. Kitambulisho cha kuongoza wageni alikipata baada ya kufeli mtihani mara mbili, akiwa na miaka arobaini, mwanamke wa kwanza wa kijiji chao kukivaa shingoni. Aambiwe atafutwe kijana?

"Twendeni," alisema. Akakunja kibao.

Walipofika langoni pa Chan Muul ilikuwa saa tano unusu. Hapakuwa na wageni wengine. Wenceslao Poot, anayebeba watu kwa baiskeli ya magurudumu matatu, alikuwa amelala ndani ya baiskeli yake, miguu nje, kasha la barafu la kuwekea soda zake likiwa kichwani kama mto.

"Doña Nico, umeleta watu saa hii?" alisema kwa lugha ya kwao, Kimaya, bila kuinuka. "Leo hata mijusi wamevaa viatu."

"Amka utufuate," alimjibu kwa lugha hiyo hiyo. "Usituache mbali."

Wenceslao alitaka kutania tena. Alipouona uso wake, akashika usukani.

Barabara ya kale ni nyeupe, na mchana weupe ule hurudisha joto usoni kama mlango wa tanuri. Nicolasa alieleza habari za wafalme na mawe yenye maandishi, lakini macho yake hayakuwa kwenye mawe. Yalikuwa kwenye shingo ya Don Evaristo. Shingo ilikuwa inatoa jasho, shati limelowa. Vizuri. Alimpa maji, mzee akanywa funda moja akamrudishia. Alimwambia apande baiskeli. "Nipande kwa nini, mimi maiti?" Wenceslao alicheka. Nicolasa hakucheka.

Waliingia katika uwanja wa mpira wa watu wa kale, ule wa kuta mbili za mawe zilizoinama, ambamo upepo hauna njia. Nicolasa akatazama tena ile shingo. Ilikuwa kavu.

"Don Evaristo, tuondoke hapa."

Mzee alisimama katikati ya uwanja, akijipapasa mifuko. "Nani amechukua funguo?" aliuliza. "Abiria wa saa tano wamekwisha panda."

Otilia alianza kucheka, akidhani ni mzaha. Kisha akakoma. "Evaristo? Funguo gani, mume wangu?"

"Nani ameziba mlango!" alifoka mzee, akaketi chini kama mtoto, halafu akalala ubavu.

Nicolasa alimfikia wa kwanza. Alipomgusa paji la uso alirudisha mkono haraka. Ngozi ilikuwa nyekundu, kavu, ya moto kama kikaango cha kuchomea chapati za mahindi. Walimburuta hadi penye ukanda mwembamba wa kivuli. Wenceslao alileta kasha. Ndani mlikuwa na maji ya barafu iliyoyeyuka na vipande vingine vizima.

Nesi mmoja kijana alipata kuwafundisha viongozi wote wa wageni: mtu aliyezidiwa na joto namna hii amwagiwe maji baridi papo hapo, na barafu awekewe kwapani. Wote waliitikia kwa vichwa kwa heshima. Hakuna aliyeamini. Kila mtu wa huku ameonywa tangu tumboni kwamba mwili wenye moto hauguswi na maji baridi. Na Nicolasa hakuonywa tu, aliona. Shangazi yake Demetria, baada ya kushinda asubuhi nzima penye kikaango cha moto, alinawa uso kwa maji ya kisima, na kabla ya jioni mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Haukurudi. Hadi anazikwa, alikuwa akinywa uji kwa kujifuta kidevu.

Alichota maji ya kasha kwa chombo, akakiinua.

"Usimmwagie!" Wenceslao alimshika kiwiko. "Una wazimu? Mwili unawaka! Utampoozesha, afe mikononi mwako! Mpe kivuli, mpepee, ngoja apoe taratibu!"

"Anasemaje? Anasemaje huyu?" Otilia alilia, maana hakuelewa neno la Kimaya.

Nicolasa alimtazama mzee. Jicho moja lilikuwa wazi, halimwoni mtu. Pumzi ilikuwa fupi fupi, kama ya mbwa. Akijua kwamba mzee akifa mkono huu ndio utakaoulizwa, alimwaga.

Don Evaristo alipiga ukelele, mwili ukaruka. Nicolasa naye alipiga ukelele. Akamwaga tena. Kifuani, shingoni, kichwani. "Fungua shati!" alimwambia Otilia. Alichota barafu kwa mikono yake, iliyokuwa nayo ya moto vilevile, akaibana chini ya makwapa ya mzee, na kila mara alitazama mdomo wake, usije ukaenda upande.

"Mungu atusamehe," alisema Wenceslao. Kisha akaisogeza baiskeli karibu, akamshika mzee miguu, wakampandisha.

Ni kilomita mbili hadi langoni. Wenceslao alikanyaga kama mwizi anayekimbizwa, Otilia ameshika kichwa cha mumewe, Nicolasa akikimbia ubavuni na chombo, akichota kashani, akimwaga, akichota. Miaka hamsini na minane, na kandambili moja aliiacha njiani. Mlinzi wa lango alikwisha kuwasikia tangu mbali, akapiga simu zahanati.

Gari la wagonjwa lilipofika, Don Evaristo alikuwa anatapika na kumtukana mtu asiyekuwapo. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, alimpima joto, akakitazama kipimo mara mbili.

"Nani alimmwagia maji?"

Wenceslao alitazama chini. Nicolasa akasogea mbele. "Mimi," alisema. "Huyu alinikataza. Ni mimi peke yangu."

"Bila hayo nisingemkuta hai," alisema daktari, huku akimchoma mzee sindano ya dripu mkononi. "Na nani alimleta huku saa hizi?"

"Mwenyewe, daktari," alisema Otilia. "Alichagua mwenyewe, tulimkataza sote..."

"Hapana," alisema Nicolasa. "Ni mimi tena. Ningeweza kukataa."

Daktari alimpa chupa mbili za maji, akamsogeza kwa bega ndani ya gari, upande wa kichwa cha mzee.

"Joto lake bado halijashuka vya kutosha," alisema. "Usiache kumwagia mpaka tufike."