Maneno Aliyosomewa Shuaib

Safiyo hakosi tamthilia yake ya polisi kila Jumamosi alasiri, na mumewe, koplo mstaafu Jelle, hakosi kisingizio cha kutoka. Mara mbuzi, mara msikiti. Jumamosi hii alinaswa, maana nyumbani kwao, mtaa wa Waberi, alikuwa amefika mgeni: Shuaib, aliyetoka gerezani wiki iliyopita baada ya miaka tisa.

Kwenye runinga koplo kijana alikataa kutia saini taarifa ya uongo, akamtupia mkubwa wake kalamu. Safiyo akapiga makofi. Polisi wa runinga wana raha zao, bwana. Hawaogopi uhamisho wala hawana watoto wa kulisha.

Jelle alitazama mkeka. Miaka tisa nyuma lori la chakula liliporwa kwenye njia ya kambi ya wakimbizi ya Ifo, na Shuaib, mchunga ngamia asiyejua kusoma, akaja kituoni kwa miguu yake kusema amewaona majambazi. Hakujua Kiswahili, kwa hiyo Jelle alimtafsiria. Lakini wakubwa walitaka mtu wa kushtaki kabla ya Ijumaa. Shuaib alisema "niliwaona". Mkuu wa kituo akaandika "nilikuwa nao," kisha akamwamuru Jelle amsomee. Jelle akamsomea kwa Kisomali, taratibu, yale aliyoyasema, si yale yaliyoandikwa. Shuaib akaridhika, akaweka kidole gumba.

"Huyo ni wewe, adeer," Shuaib alisema sasa, akimwita ami kwa heshima ya Kisomali na kuonyesha runinga. "Ulinisomea maneno yangu bila kupunguza hata moja. Wao ndio waliobadilisha karatasi nyuma yetu. Wakili anakata rufaa, anatafuta aliyenisikia siku ile. Nimemwambia yupo mtu mmoja mkweli."

Jelle alipiga hesabu. Angesema, Shuaib angesafishwa jina. Lakini angelazimika kusema yote, na Safiyo alikuwa papo hapo na birika mkononi.

"Nimezeeka," akajibu. "Siku ile siikumbuki tena."

Huo ulikuwa uongo wa pili, na safari hii hapakuwa na mkuu wa kumlaumu. Aibu ilimjaa hadi masikioni.

Shuaib hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alisimama, akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili.

"Si neno, adeer. Allah akulipe kwa yote uliyonifanyia."

"Amin!" Safiyo aliitikia kwa sauti, kisha akamgeukia mumewe, akisubiri naye aitikie.