Namba Juu ya Kiraka

Mtaani wanamwita Hakiki, na mwenyewe haoni ubaya. Alikuwa mtunza stoo wa ghala la mbolea mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo halikutoka gunia ambalo hakulishika shingo na kuligeuza atazame mshono wa chini. Nyumbani hali ni ile ile. Sukari ikitoka dukani huipima tena kwa mizani yake. Fundi bomba akiitwa, Hakiki huvuta ndoo akaketi juu yake mpaka koki ya mwisho ikazwe. Mkewe huwaambia wageni kwamba siku ya posa mwanamume huyu alimkodolea macho kwa muda mrefu sana, mpaka akadhani anatafutiwa tarehe ya kuharibika.

Kwa hiyo pikapu ilipopelekwa kwa mchomeleaji, Hakiki naye alikwenda, na kigoda chake mkononi.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya zamani, boneti ndefu, mlango wa kushoto unaofunguka kutokea nje tu. Aliinunua kwa kaka yake mkubwa, dereva wa malori, na kwa miaka mingi aliitumia kubebea mbolea ya wateja wake mwenyewe baada ya saa za kazi. Mbolea ikimwagika na mvua ikainyeshea, hula chuma kimyakimya. Kila mwaka Hakiki alikuwa akiipaka lami sehemu ya chini, akidhani anaikinga. Kumbe lami ilikuwa ikifungia unyevu ndani, na kutu inastarehe.

Sasa alitaka kumwachia binti yake, anayekodisha viti na maturubai ya sherehe. Binti alikuwa akikodi magari ya watu, na faida yote ikiishia kwa wenye magari. Akipata la kwake, biashara ingesimama. Lakini vijana wake wa kupakia hukaa juu ya viti gari likiwa linakwenda, na chesisi, fremu inayobeba gari zima, ikikatika njiani watamwagika barabarani. Na kabla ya kadi ya gari kuandikwa jina jipya, gari lilipaswa kupita kwa mkaguzi, ambaye huanza kwa kulinganisha namba ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye chesisi.

Mchomeleaji aliitwa Miwani, kwa sababu miwani yake myeusi ya kazi ilikuwa haibanduki kwenye paji la uso hata akiwa anakula. Karakana yake ilikuwa uwanja uliozungushiwa mabati, ardhi nyeusi kwa oili, milango ya magari imeegemezwa ukutani kama vitabu. Alipoinua pikapu kwa jeki na kuikalisha juu ya magogo, Hakiki alitoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha ya mkewe, akachuchumaa, akaanza kudondoshea nukta nyekundu hapa na pale: kwenye springi, kwenye injini, kwenye chesisi pande zote mbili.

"Hiyo nini tena, mzee?"

"Alama."

"Za nini?"

"Za kujua kilichoingia na kitakachotoka."

Miwani akanyoosha mkono, vidole vimetanuliwa. "Basi nipake na mimi kucha moja, usije ukarudishiwa fundi mwingine."

Hakiki hakucheka. Alifunga kichupa, akaketi.

Miwani alilala chali juu ya gunia, akaanza kugonga chesisi kwa nyundo ndogo, kutoka mbele kwenda nyuma. Chuma kizima huitikia kwa sauti kali inayodumu. Kilichooza huitikia kama boksi tupu. Alipofika nyuma ya gurudumu la mbele la kulia, nyundo ilitoa sauti ya boksi. Akabandua lami, ikatoka na maganda ya kutu mapana kama biskuti. Akachukua bisibisi, akasukuma.

"Mzee, hapa inapita kama kwenye mkate."

"Hilo tundu umelikuta au umelitoboa?"

"Kama ningeweza kutoboa chesisi nzima kwa bisibisi, ningekuwa hapa nafanya nini?"

Hakiki aliomba gunia la pili. Alilala kando yake kwa uangalifu, kofia kaiweka kifuani, akaingiza kidole chake mwenyewe kwenye tundu, akakitoa kikiwa chekundu. Alikinusa. Hakubisha, na kwa watu wanaomfahamu, hilo lilikuwa sawa na kukubali.

Ubaya ni kwamba hapo palipooza ndipo namba ilipogongwa.

"Kipande hiki lazima kitoke," Miwani alisema. "Nichomelee chuma kipya mpaka huku."

"Kitoke kiende wapi?"

"Kitoke tu. Kimekufa."

Hakiki aliinuka akikung'uta suruali. Alikwisha kusikia habari za watu wanaonunua vipande vya namba, wakavichomelea kwenye magari ya wizi, gari la wizi likaamka asubuhi na karatasi halali. Alimtazama Miwani kama alivyokuwa akimtazama mpakiaji anayetoka ghalani tumbo limevimba.

"Nani kakuagiza kipande hicho?"

"Mzee wangu, sikati namba bila mkaguzi kuja hapa akaona kwa macho yake. Nasafisha kwanza nijue kutu inaishia wapi. Sogeza kigoda basi, ukae mdomoni kwangu kabisa."

Akakisogeza kweli. Miwani alishusha miwani machoni, akawasha mashine ya kusugulia chuma. Vumbi jekundu likaruka, kisha rangi ya zamani, kisha rangi iliyokuwa chini ya hiyo. Halafu akazima mashine. Akasugua kwa kidole gumba. Akaivua miwani yake kabisa, jambo ambalo Hakiki alikuwa hajaliona.

Kuizunguka namba palikuwa na mshono. Mtu aliwahi kukata kipande chenye namba kutoka kwenye chuma kingine, akakileta hapa, akakichomelea juu, akaulainisha mshono, akapaka rangi. Kona tatu zilikuwa kali. Ya nne ilikuwa imejikunja, kama mkono wa mkataji uliteleza.

Wazo la kwanza la Hakiki lilikuwa kwamba Miwani amefanya mchezo huo yeye akiwa chooni. Akainama. Nukta yake nyekundu ilikuwa pale pale, imeanguka katikati ya rangi ambayo mashine haijaigusa, na mshono ulipita chini ya rangi hiyo, na kutu ilikuwa imeingia ndani ya mshono wenyewe. Mshono ulikuwa na umri mkubwa kuliko miaka ya fundi huyu kazini.

"Mzee," Miwani alisema, na sauti yake haikuwa ya utani tena. "Gari hili ulilipata wapi?"

"Kwa kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja."

"Uliingia chini ukalikagua?"

Hakiki alifungua mdomo, akaufunga. Hakuwa amelikagua. Baba yao alipofariki, kaka huyo ndiye aliyemlea, akamvisha, akampeleka shule. Kulala chini ya gari lake huku mwenyewe kasimama hapo kungekuwa kumtukana. Kati ya vitu vyote alivyowahi kuvishika katika maisha yake, hiki kimoja alikipokea amefumba macho.

"Ukikipaka rangi tu?" alisema kwa sauti ya chini. "Ukakiacha kama kilivyokuwa?"

Miwani alianza kurudisha vyombo kwenye sanduku, kimoja kimoja, akimtazama kwa kuibia. Hakiki aliutambua mtazamo huo. Ulikuwa wake. Aliutumia maisha yake yote getini.

"Nimeshaona, mzee. Siwezi kujifanya sijaona. Kesho gari likikamatwa, wa kwanza kuulizwa ni mchomeleaji."

"Unanishuku mimi?"

"Wewe ulinishuku mimi tangu asubuhi, na mimi nilikuwa sijashika hata nyundo."

Hakiki akakaa. Baada ya muda Miwani alilegea kidogo. Alisema amewahi kuona jambo la namna hiyo likinyooka: aliyehamisha namba alikwenda mwenyewe kwa mkaguzi, akaeleza, akaonyesha chesisi ya kwanza ilipo, wakaandika na kugonga namba upya. Asipopatikana, au asipokuwa na cha kuonyesha, gari hubaki mikononi mwa wakaguzi. Kisha akachukua kadibodi, kama anavyofanya kabla ya kukata kiraka chochote, akaibandika juu ya mshono, akaipitishia kidole chenye masizi, akakata kwa mkasi umbo lile lile, pamoja na kona iliyojikunja.

"Nenda nayo. Kama kaka yako alikata mwenyewe, tundu alilolikata lipo mahali."

Binti alikuja kumchukua kwa bodaboda ya kukodi. Njiani kwenda kwa kaka, Hakiki alimsimulia yote, na binti akamjibu waliposhuka. "Baba, ukiona haifai, niambie. Nitaendelea kukodi. Sitaki gari la mtu anayelia mahali."

Kaka alikuwa barazani, redio imefunguliwa matumbo mapajani mwake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibuni. Mwanangu, mbona umekonda? Huyu baba yako anakupimia chakula?"

"Shikamoo, baba mkubwa. Ananipimia."

Hakiki hakungoja chai. Aliitoa kadibodi, akaiweka juu ya meza ndogo, akaeleza. Hakuinua macho alipokuwa akieleza. Kaka aliisikiliza habari hadi mwisho, akiwa bado ameshika bisibisi ya redio.

"Kwa hiyo umekuja kunikagua," alisema.

"Nimekuja kuuliza."

"Miaka yote hii ulikuwa wapi usiulize?"

"Nilikuheshimu."

"Na leo?"

Hakiki aliichukua kadibodi mezani. Kaka aliweka redio chini, akainuka kwa kushika goti, akaenda nyuma ya nyumba bila kuwaambia wamfuate. Wakamfuata. Hapo palikuwa na tangi la maji juu ya jukwaa, bomba chini yake, ambapo Hakiki alinawa mikono kila alipokuja kula. Jukwaa lilikuwa chuma kirefu kilichokatwa vipande na kusimamishwa. Chesisi. Nguzo moja ilikuwa imepinda katikati kama kiwiko.

"Niligongwa na lori nikiwa nimeegesha. Ikapinda hivyo. Nikanunua nyingine kwa wauza vyuma chakavu, nikahamisha namba. Kila dereva alifanya hivyo, nani alikuwa anakwenda kwa mkaguzi? Nikakuuzia. Ungeniuliza ningekwambia."

Juu ya nguzo iliyopinda palikuwa na tundu. Hakiki alisogea. Alipachika kadibodi kwenye tundu. Kona tatu kali ziliketi. Ya nne, iliyojikunja, iliketi. Hata mwanga haukupita ukingoni.

"Umeridhika?" kaka aliuliza.

"Nimeridhika."

Neno hilo hakuwa amelisema kwa mwenye duka wala kwa mkwewe. Kaka alipumua kupitia puani. Kisha binti akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu.

"Baba mkubwa, na ile chesisi uliyoinunua kwa wauza chuma. Nayo ilikuwa na namba?"

Kaka akamtazama mdogo wake. "Huyu umemzaa mwenyewe, hukusaidiwa."

"Jibu mtoto, kaka."

"Ilikuwa imeoza pale pale, hakisomeki kitu. Risiti ninayo? Sina. Muuzaji yupo? Yupo, amezeeka kama mimi, bado anauza vyuma karibu na reli. Tunaweza kumpitia."

"Tumpitie," binti alisema. "Halafu kwa mkaguzi. Useme mwenyewe, baba mkubwa, mbele yake. Wakilichukua, walichukue. Wasipolichukua nitalipakia viti bila kuogopa kila askari ninayemwona."

Kaka aliikwaruza nguzo iliyopinda kwa kucha muda mrefu, Hakiki akaanza kutafuta la kumtetea. Lakini hakulitafuta sana. Alimtaka aende. Alitaka kuona, mara hii kwa macho yake, atakwenda au hatakwenda.

"Nilikulea wewe nikajua nimemaliza," kaka alisema hatimaye, akimwambia mdogo wake huku akimtazama binti. "Haya. Nitasema. Nikifungwa mniletee redio."

"Hawafungi mtu kwa hilo," Hakiki alisema.

"Umehakiki?"

Binti alicheka kwa sauti, na hata Hakiki tabasamu lilimponyoka. Kaka akaingia ndani kupitia mlango wa jikoni kutafuta viatu. Binti alikwenda mbele kutafuta usafiri. Hakiki alibaki peke yake karibu na tangi, kadibodi mkononi. Alisikia kabati likifunguliwa ndani, kisha kimya. Alingoja. Kimya kikarefuka. Akapiga hatua za taratibu kando ya ukuta, akasimama kwenye pembe ya nyumba, mahali ambapo mtu huweza kuuona mlango wa mbele na wa jikoni kwa wakati mmoja.

Kaka akatokea na viatu vimeng'arishwa, akamkuta hapo.

"Twende," alisema, na akampa mdogo wake kofia yake mwenyewe amshikie.