Mtamba wa Bi Ndoo

Walimwita Bi Ndoo kwa sababu hakuonekana bila ndoo ya maziwa mkononi. Mwaka huu ndoo ilikaa kifudifudi zizini.

Ng'ombe wake mzee wa maziwa alikuwa amempa shemeji yake kama malipo ya kumlimia shamba, akijua mtamba aliyebaki atashika mimba na kuziba pengo. Kisha binti yake akafariki, akamwachia mtoto mchanga. Mtoto huyo sasa ana miezi kumi, mbavu zinahesabika, na tumbo lake halikubali kitu ila maziwa. Majirani walitoa kikombe, wakatoa nusu kikombe, mwisho wakawa wakimwona kwa mbali wanaingia ndani.

Bwana mifugo alikuja mara ya nne kumpandisha mtamba kwa mrija wa mbegu za fahali. Alivaa glavu yake hadi begani, akapapasa ndani. Bi Ndoo alishika mkia, midomo ikicheza kwa dua.

"Bi mkubwa, huyu ana miaka mingapi?"

"Minne, anaingia wa tano."

"Wenzake wa umri huu wana ndama wawili. Wewe bado unamwita mtamba."

"Nimwiteje, mwanangu, na hajazaa?"

"Alizaliwa peke yake?"

"Pacha. Mwenzake dume. Shemeji alimchukua akamhasi, ndiye maksai wake wa kulia."

Bwana mifugo akavua glavu taratibu. "Jike akikaa tumbo moja na dume, mara nyingi hazai kabisa. Mbona hukuniambia tangu mwanzo?"

"Hukuniuliza. Nami nilijiona nimebarikiwa mara mbili."

Bi Ndoo alimbeba mtoto mgongoni, akamswaga mtamba mpaka kwa shemeji.

"Nirudishie ng'ombe wangu, shemeji. Chukua huyu."

Shemeji akacheka. "Maziwa hana, ndama hana. Nimweke sebuleni?"

"Mfunge nira. Maksai wako wa kushoto anachechemea, nimemwona. Huyu ana shingo ya fahali."

Shemeji alimzunguka mtamba, akampiga kofi begani, akamtazama mtoto aliyekuwa hata kulia hawezi.

"Ng'ombe sirudishi. Huyu namchukua. Wewe uje kila jioni ukamue nusu ndoo, basi."

Jioni ilipofika Bi Ndoo alirudi. Alichukua ndoo ya watu, akachuchumaa, akakamua machozi yakimdondoka, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe aliyekuwa wake. Mgongoni mtoto alisikia maziwa yakigonga ndoo, akaanza kujinyonganyonga.