Ukingo Uliokaza wa Shali ya Arobaini

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeniachia vidole vya kufuma hata baada ya macho kupungua, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu. Nimechoka siku hizi, mwanangu. Nikifuma mistari miwili naiweka kazi chini, napumzika. Lakini umeniuliza shali ya matundu inaanzwaje, na jibu fupi halitakusaidia.

Nakumbuka siku moja kule Temeke, miaka ile ya Ujamaa, sabuni yenyewe ya foleni. Dada yangu Mwanahawa alikuwa amejifungua baada ya mimba mbili kuharibika. Mtoto angetolewa nje siku ya arobaini, Ijumaa, nami niliahidi mbele ya shangazi zetu kwamba atatoka amefunikwa shali yangu. Uzi niliupata kwa kufumua sweta jeupe la kaka yetu aliyekuwa akifanya kazi Njombe. Mwingine kama ule madukani haukuwepo.

Aliyenifundisha ni jirani yetu Mama Agnesi, Mkristo wa kutoka Masasi, aliyejifunza kufuma kwa masista. Sindano zetu zilikuwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha. Aliniambia, "Vitanzi vya mwanzo vipange juu ya spoku mbili pamoja, kisha uchomoe moja. Vitalegea." Nikaona vinaning'inia kama kazi ya mtoto wa shule. Nikaitikia kwa kichwa, nikaenda nyumbani nikapanga upya juu ya spoku moja, nikivuta uzi kila kitanzi. Ukingo ukanyooka kama wa dukani. Wenzangu wakausifu, nami nikapenda kusifiwa.

Shali ilipokwisha, Jumatano ya wiki ile ya arobaini nikaifua, nikaitandaza mkekani niivute, maana matundu hufunguka yakiwa na maji. Katikati ikafunguka vizuri. Ule ukingo wa mwanzo ukakataa. Shali ikajikunja upande mmoja kama mdomo wa mfuko. Nilipovuta zaidi nikasikia uzi unalia, nikaacha, nikaipeleka kwa Mama Agnesi ikiwa bado inadondosha maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea mfuko wa nazi?"

Nikamwonyesha ule ukingo.

"Ulitumia spoku ngapi?"

"Moja."

"Na mie nilisema ngapi?"

"Mbili, mama."

Hakunigombeza zaidi. Akaniambia kwamba ukingo wa mwanzo haufumuki kirahisi kama wa mwisho. Ama nifumue shali nzima, kazi ya mwezi mzima, ama nikate kitanzi kimoja kwenye mstari usio na matundu, tuchomoe uzi wa mstari ule, ukingo uanguke. Akanipa mkasi.

"Kata wewe, mama. Mie naogopa kuiharibu."

"Hata. Ulikaza wewe, utakata wewe. Ukimaliza kuogopa niite, nipo naosha mboga."

Nikasema Bismillahi, nikakata, ndipo nikamwita. Tulichomoa uzi polepole, yeye akivipokea vitanzi kwenye spoku nyembamba, kimoja kimoja, mpaka adhana ya alasiri. Kisha akanionyesha kuvifunga vitanzi hivyo kwa kulegeza: unafuma vitanzi viwili pamoja, kile kinachopatikana unakirudisha sindano ya kushoto, unafuma tena viwili. Safari hii ukingo ulikubali kuvutwa. Lakini kufunga hivyo kunakula uzi, na wangu ukaisha kabla ya pembe. Pembe ile nilimalizia kwa uzi wa kahawia wa Mama Agnesi.

Ijumaa dada akaikunjua mbele ya shangazi zetu, akaishika pembe. "Hii nini?"

Nilitaka kusema uzi ulipungua tu. Nikasema, "Nilifundishwa, nikajifanya nimesikia."

Shangazi mmoja akacheka. "Basi shali ina adabu kuliko mfumaji wake."

Dada akamfunika mwanawe. Ikamfika miguuni, wakatoka.

Basi, mwanangu, usichague mwanzo kwa jinsi unavyopendeza ukiwa mkavu mkononi. Mkoba hutaka mwanzo wa kubana, usije ukatanuka. Shali ya matundu itafuliwa, itavutwa, itamzunguka mtu. Ianze imelegea, na ifungwe imelegea. Fuma kwanza kipande cha ukubwa wa kiganja, kifue, kivute, ndipo uanze. Na anayekufundisha, kama humwamini, mwambie usoni. Kuitikia kwa kichwa halafu ukafanye lako ni uongo. Mimi niliurudia uongo huo kwa marehemu mume wangu na kwa wanangu, na mengine sikuwahi kuyarekebisha. Ndiyo maana nakuandikia ningali na nguvu.

Mwenyezi Mungu akupe mikono myepesi na ulimi wa kweli, akuhifadhie wale unaowafumia, na kila asomaye haya amfunike kwa rehema Zake. Amin.