Gari Lililozoea Mzigo

Nimechoka na magari. Nimelala chini yake miaka mingi kuliko niliyolala kitandani, kwa hiyo mtu asitegemee nitayasifu. Vijana wakija hapa barazani kuniuliza habari za wakati wa Mwingereza, wanataka niwasimulie mbio, vumbi na wazungu waliovaa miwani mikubwa. Mimi nakumbuka mgongo. Nakumbuka mgongo wangu ulivyouma na wa kaka yangu ulivyouma zaidi, na gari moja tulilolijenga sisi wawili nyuma ya nyumba ya mama, Tororo, Uganda, kwa muda wa karibu mwaka mzima.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Msimu wa pamba alizunguka Iyolwa, Kiyeyi na Petta kukusanya magunia na kuyapeleka kiwanda cha kuchambulia. Msimu ukiisha alibeba saruji hadi Busia, akavuka upande wa Kenya, akarudi na chumvi, mabati na sukari, na juu ya hivyo vyote watu. Baba yetu alikuwa ameianza kazi hiyo kwa mkokoteni wa ng'ombe, naye alituachia sheria moja tu: gari haliendi tupu. Kumpita mtu anayetembea juani ilhali una nafasi ilikuwa aibu kwetu, na baba aliamini pia kwamba ni mkosi. Sheria hiyo tuliishika kama tulivyoishika funga ya Ramadhani, na nikisema kweli, wengine wetu tuliishika zaidi.

Jumamosi moja kaka alitumwa apeleke kreti za soda na bia kwenye mashindano ya magari ya wazungu, katika kiwanja cha zamani cha ndege nje ya mji. Aliporudi mama alimwekea chakula, hakukigusa. Nikamuuliza kama anaumwa.

“Nimeona mzungu moja,” akasema. “Nakwenda peke yake kwa gari. Hakuna gunia, hakuna mtu, hakuna hata kikapu. Anazunguka, anarudi pale pale.”

“Sasa anapeleka nini?”

“Hapeleki kitu. Ndiyo nakwambia.” Akajinyoosha mgongo kwa mikono miwili kama alivyozoea. “Miaka kumi na saba mimi niko kwa barabara. Sijaendesha bila mzigo hata siku moja. Nataka siku moja tu, mdogo wangu. Mzunguko wote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila mzigo.”

Nilicheka, kisha nikamtazama nikaacha. Hakutaka kikombe, wala hakutaka kuwaonyesha wazungu chochote. Alitaka kile alichokisema, na katika maisha yake yote sikuwahi kumsikia akijitakia kitu kingine.

Klabu yao ilikuwa imebandika tangazo kwamba mwenye gari lolote litakalopita ukaguzi anaweza kushiriki. Nadhani walioliandika hawakutufikiria watu kama sisi. Mimi nilikuwa fundi katika gereji ya Mhindi mmoja pale Tororo, na nyuma ya gereji kulikuwa na mabaki ya gari dogo ambalo bwana shamba mmoja wa kizungu alilipindua kinamasini. Kuku walikuwa wanataga ndani yake. Tajiri wangu aliniambia kama nitaliondoa na kufagia pale mahali, ni langu. Tulilikokota kwa lori la kaka, kuku wakitufuata mpaka barabarani.

Kazi yenyewe sitaki kuipamba. Tulifanya Ijumaa baada ya swala na Jumapili kutwa, na siku nyingine jioni kidogo kabla ya giza, wote wawili tukiwa tumeshachoka na kazi za watu. Tulikata bodi yote iliyooza tukabaki na chesisi, mifupa mitupu ya gari. Boneti tuliitengeneza kwa bati la pipa. Kiti kilikuwa mbao za kreti na gunia lililojazwa pamba, na nyuma yake tulipigilia sakafu ya mbao. Nilisaga valvu kwa mkono, ile kazi ya kuzungusha kijiti kati ya viganja mpaka ngozi ichubuke, na nikishamaliza zote nane naona ya kwanza bado inavuja. Majirani walikuja kutazama wakacheka. Mmoja alituuliza kama tunajenga gari au kitanda cha kulazia maiti. Mama alisema nyumba yake inanuka petroli hata chai inanuka, lakini hakutukataza.

Mwezi wa saba wa kazi ile injini iliwaka. Kaka alizunguka gari mara tatu huku akiligongagonga kwa vidole, halafu akasema twende tukalijaribu barabara ya Busia.

Hatukuwa tumeipita nyumba ya mwisho ya mji mwanamke akatupungia mkono. Alikuwa na mtungi na watoto wawili. Kaka akafunga breki bila hata kunitazama. Mbele kidogo tukamkuta mzee wa Kipadhola na mihogo yake, tukampakia. Tulipofika Busia tulikuwa watu saba na kuku, na wakati wa kurudi tukapakia samaki wakavu wa ziwani, maana kuna mtu alisema dada yake anawangoja Tororo. Kila jaribio lilikuwa hivyo. Katika miezi mitano sikumbuki siku hata moja ambayo gari lile lilibeba dereva peke yake.

Na kila tuliporudi kaka alisema neno lile lile.

“Gari iko sawa, lakini nyuma nakaa chini. Ongeza bapa.”

Nami nikaongeza. Springi za nyuma za magari yale zilikuwa mabapa ya chuma yaliyolaliana, na dawa tuliyoijua, dawa ambayo kila lori la njia ile lilikuwa limeinywa, ilikuwa kuongeza bapa juu ya bapa mpaka mgongo wa gari usimame. Niliongeza moja kila upande. Baada ya wiki mbili nikaongeza jingine. Hatimaye yakawa manne ya ziada kila upande, mabapa ya lori niliyoyakata kwa msumeno wa chuma, na boliti nikazikaza kwa spana iliyotiwa bomba refu mpaka zikalia. Niliona fahari juu ya kazi ile. Kumbuka mimi ndiye niliyekuwa fundi.

Mara moja tu nilimwambia, “Kaka, tulijaribu tupu kidogo, hata kuzunguka soko.”

Alikataa kwa upole. “Hapana. Hiyo naweka kwa siku yenyewe. Usiniharibie.”

Alikuwa anaitunza safari yake tupu kama mtu anavyoweka nyama pembeni mwa sahani aile mwisho. Sikumsumbua tena. Leo najiambia heri ningemsumbua.

Siku ya mashindano tulikwenda asubuhi. Garini tulikuwa mimi, kaka, shemeji yangu na watoto wake wawili, sanduku la spana, jeki, tairi mbili za akiba, debe la petroli na sufuria ya wali. Gari lilitulia barabarani vizuri sana, nikajisifu moyoni. Pale kiwanjani tukateremsha kila kitu. Mzungu mzee aliyekuwa mkaguzi aligusa breki, akatikisa usukani, akatazama boneti yetu ya pipa kwa muda mrefu, akatupa namba tuichore kwa chokaa. Kulikuwa na magari saba. Sita yalikuwa ya wazungu na Wahindi, na la saba letu.

Kila mmoja aliruhusiwa kuzunguka mara moja kuijua njia. Kaka alivaa kanzu safi, akaipandisha magotini, akaingia peke yake. Alinitazama akatabasamu. Nilimjua tangu nikiwa mtoto na tabasamu lile sikuwa nimewahi kuliona.

Akaondoa gari, na kufikia yadi hamsini nikajua nimefanya nini.

Nyuma haikugusa chini. Kila kijiwe kiliirusha juu, ikatua, ikarushwa tena. Springi zile zilikuwa za kubeba watu saba na samaki, na sasa hakukuwa na kitu cha kuzikandamiza, zikawa ngumu kama kizingiti. Kwenye kona ya kwanza tairi za nyuma zilikuwa hewani, gari likageuka nyuma mbele na kuingia majanini. Watu wakacheka. Kaka akalirudisha njiani, akajaribu polepole, nalo likarukaruka hata polepole. Alimaliza mzunguko kwa mwendo wa baiskeli.

Aliposhuka alikuwa ameushika mgongo. Hakunikaripia, na heri angenikaripia.

“Unaweza toa?” akauliza.

Nililala chini ya gari nikatazama boliti zangu. Nilikuwa nimezikaza mimi mwenyewe, kwa bomba, na matope ya barabara ya Busia yalikuwa yameshazitia kutu. Kuzifungua, kuyatoa mabapa, kufunga tena pande zote mbili, ilikuwa kazi ya nusu siku gerejini. Tulibakiwa na saa moja. Nilitoka chini nikamwambia hivyo hivyo, na kwamba kosa ni langu. Mazoea yana taabu, wanasema wahenga, lakini wahenga hawakulazimika kumtazama kaka yangu usoni.

“Si yako,” akasema. “Mimi ndiye nasema ongeza.”

Mkaguzi alikuja akasimama karibu yetu. Alizungumza Kiswahili cha wazungu wa mashamba. “Gari yako nyepesi sana huku nyuma. Weka kitu nzito, ama rudi nyumbani.”

Rafiki yetu mmoja, dereva mwenzake kaka, alikuwa amekuja kututazama na lori lake limesimama kando ya kiwanja, limejaa saruji ya kupeleka Busia. Kaka alilitazama lori lile kwa muda, kisha akatazama kiti chake cha pamba, kisha njia.

“Lete mifuko nne,” akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku kazini.

Tulipakia. Yeye mwenyewe alifunga kamba, kwa fundo lake la miaka yote, akavuta na kuijaribu kwa goti. Fundi aliruhusiwa kupanda, na uzito wangu pia ulihitajika, kwa hiyo nikakaa juu ya saruji. Tukaondoka na wengine. Gari likashika ardhi kama lilivyotakiwa, likaenda vizuri, kona zote. Magari mawili yaliharibika njiani, sisi tukafika wa nne. Watu walipiga makofi, hata wale waliocheka. Shemeji alipiga vigelegele. Mzungu mzee akampa kaka mkono, akasema gari ya kazi, gari nzuri.

Kaka alishukuru. Halafu akazunguka nyuma akaanza kufungua kamba, kama dereva aliyefika dukani kwa mwenye mzigo. Nilipoona hivyo nililia, na sikujificha.

Rafiki yetu alikuwa ameshatangulia Busia na lori, akimchukua shemeji, watoto na vyombo vyetu awashushe nyumbani kwanza, akaacha neno kwamba saruji yake tumfikishie huko huko Busia kesho yake. Tukaifunga kamba tena, tukatoka kiwanjani mpaka njia panda ya barabara ya Busia. Hapo kaka akasimamisha gari.

“Shuka,” akaniambia. “Shusha na hii.”

Nikashusha mifuko minne nikaipanga kando ya barabara. Aliniachia maji yake ya kunywa, akaingia garini peke yake, akaenda. Nililiona gari likirukaruka, nyuma ikipaa na kutua, naye akipigwa mgongo kila hatua, mpaka vumbi likalifunika. Nikakaa juu ya saruji nikamngoja. Jua lilikuwa kali na nilikuwa nimechoka mpaka mifupa, lakini nilimwombea Mungu barabara iwe wazi. Nilimwombea asimkute mtu.

Alirudi baada ya muda si mrefu. Kabla sijamwona nilisikia kwamba gari halirukiruki tena. Kitini pembeni yake palikuwa na mwanamke mzee wa Kisamia na mguu uliofungwa kitambaa, na nyuma magunia mawili ya karanga na mbuzi.

“Alikuwa anatembea,” kaka akasema, kama mtu aliyekamatwa. “Na mguu ile. Yeye nakwenda hospitali Tororo.”

“Hujambo, mwanangu,” yule mama akaniambia. “Ndugu yako ni mtu mzuri.”

Nikaitikia. Kisha nikamuuliza kaka kwa sauti ya chini alifika wapi kabla ya kumkuta.

“Daraja la kwanza.” Alifikiri kidogo. “Maili mbili. Labda haifiki.”

“Ilikuwaje?”

Alitazama barabara ya Busia aliyoipita mara elfu, na ambayo angeipita tena kesho yake, na miaka mingine kumi mpaka mgongo ukamlaza kabisa.

“Naumiza mgongo,” akasema. “Lakini ilikuwa nzuri.”

Halafu akashuka, akamsogeza mbuzi, akaniambia nipakie saruji.