Ramani Isiyo na Salamu

Mwaka mzima Sundus ameishi Amu, mjini Lamu, na hakuna aliyemuuliza kijijini kwao Chundwa wameamkaje. Basi, tuanzie hapo.

Ana chumba cha kupanga mtaa wa Langoni, laptopu ya mtumba, na ufundi wa programu aliojifunza kwa video za simu. Bi Alawiya, mwenye duka la dawa, alimwambia waziwazi: programu ikimwonyesha Famau, mtumwaji wa duka, njia ya haraka ya kuwapelekea wagonjwa dawa majumbani, Sundus atapata kazi. Ikishindwa, kwao Chundwa kuna nazi za kukuna.

Hesabu yenyewe si uchawi. Kila pembe ya mtaa ni nukta, kila kichochoro ni mstari wenye dakika zake. Programu inaanzia dukani, inashika nukta iliyo karibu zaidi ambayo haijaimaliza, inawatazama majirani zake. Ikipata njia ya dakika chache kuliko ya mwanzo, ya mwanzo inafutwa. Hivyo hivyo mpaka mlangoni kwa mgonjwa. Dakika alizipima mwenyewe, kwa miguu.

Akaijaribu. Ramani ndogo ya vichochoro vitatu aliyoipigia hesabu kwa mkono: sawa. Nyumba isiyo na njia: ikajibu haifikiki. Dukani hadi dukani: sifuri.

Famau akatumwa. Nyumba ya dakika tisa ikamlia nusu saa.

Bi Alawiya akakunja uso. Sundus akaipekua programu mstari kwa mstari, kosa halioni. Akamuuliza Famau alipotelea wapi. Hakupotea. Barazani kwa kina Mwanamkisi aliulizwa hali ya mkewe, mbele akashikwa mkono na mjomba wake, mbele tena akatiliwa kahawa.

"Ungepita tu."

"Nipite watu kama napita nguzo? Kwani wewe hawakusimamishi?"

Sundus akazitazama tena dakika zake. Kote alikopima, hakuna aliyemsimamisha.

Akaomba siku moja. Akamfuata Famau nyuma nyuma, kila baraza akiiongezea dakika za salamu. Watu walimuuliza Famau mpaka hali ya punda wake. Sundus hawakumuuliza kitu.

Programu ikachagua njia nyingine, ndefu kwa miguu, nyuma ya magofu, kuta tupu pande zote. Famau akafika kwa dakika alizoambiwa. Kazi Sundus akapewa.

"Lakini ndia gani hii," Famau akalalamika, "haina hata mtu wa kuamkua?"

Sundus akamwambia ataizoea, akaenda kupima mtaa wa pili.